John Seinfeld na Chembe Zinazozaliwa Hewani

Mama anapomfikisha zahanati mtoto anayepumua kwa haraka, mhudumu humfunua mtoto kifua, huhesabu pumzi zake kwa dakika nzima na kuangalia kama kifua kinabonyea ndani. Anazijua dalili za nimonia, anaijua dawa ya kuanza nayo, na anajua ni wakati gani wa kutoa rufaa. Lipo swali moja, hata hivyo, ambalo chumba cha matibabu hakiwezi kulijibu peke yake: hewa aliyoivuta mtoto huyo kabla hajaugua ilikuwa na nini ndani yake, na kilichokuwamo kilitoka wapi?

Swali hilo ndilo lililomshughulisha mhandisi wa Kimarekani, John H. Seinfeld, kwa zaidi ya nusu karne. Seinfeld si daktari. Kazi yake ni hisabati na kemia ya angahewa. Alijenga modeli, yaani vielelezo vya kihisabati vinavyokokotolewa kwa kompyuta, ili kueleza jinsi uchafu wa hewa unavyosafiri, unavyobadilika njiani, na unavyogeuka kuwa chembe ndogo mno zinazofika ndani kabisa ya mapafu.

Historia ya kazi yake inawahusu wahudumu wa afya na wagonjwa kwa sababu mbili. Kwanza, imesaidia kuthibitisha kwamba sehemu kubwa ya chembe wanazovuta binadamu haikutoka katika bomba la moshi ikiwa chembe; ilitoka ikiwa gesi, kisha ikazaliwa upya hewani. Pili, si mara moja maabara yake ililazimika kukiri kwamba vipimo vyake vya awali vilipungukiwa na ukweli, ikavisahihisha hadharani. Katika sayansi ambayo hesabu zake huamua ni kiwanda gani kidhibitiwe na ni mafuta gani yauzwe, masahihisho ya namna hiyo ni suala la afya ya mamilioni ya watu.

Mji uliokosa pumzi

Tarehe 26 Julai 1943, wakati Vita Kuu ya Pili ikiendelea, wakazi wa Los Angeles waliamka wakakuta mji umefunikwa na ukungu wa rangi ya udongo uliowawasha macho na koo. Baadhi yao walidhani adui amewarushia gesi ya sumu. Adui hakuwapo. Ukungu ule ulitokana na mji wenyewe, na uliendelea kurudi mwaka baada ya mwaka. Watu wakauita smogi, jina lililounganisha moshi na ukungu.

Aliyekitegua kitendawili hicho alikuwa Arie Haagen-Smit, mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha katika Taasisi ya Teknolojia ya California, mjini Pasadena, jirani na Los Angeles. Kabla ya hapo alikuwa akichunguza kemikali zinazolipa nanasi harufu yake. Alitumia ujuzi huo huo kuichunguza hewa ya mji, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa ameonyesha kwamba smogi haikuwa moshi wa kawaida. Gesi zitokazo katika magari na viwanda vya kusafisha mafuta zilikuwa zikipikwa na mwanga wa jua hadi kuwa ozoni na vitu vingine vinavyodhuru. Jua, ambalo wengi huliona kuwa ni msafishaji, lilikuwa ndilo jiko.

Seinfeld aliwasili Pasadena mwaka 1967. Alizaliwa mwaka 1942 mjini Elmira, katika jimbo la New York. Akasomea uhandisi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Rochester, akahitimu mwaka 1964, na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Princeton miaka mitatu baadaye. Utaalamu wake wa mwanzo haukuhusu hewa ya miji. Ulihusu zaidi mbinu za hisabati zinazotumika katika uhandisi wa kemia. Lakini Pasadena iko chini ya milima ya San Gabriel, na katika miaka ile zilikuwapo siku nyingi ambazo mtu aliyesimama chuoni hakuweza kuiona milima hiyo kwa sababu ya smogi. Kwa mhandisi aliyezoea kuzikokotoa kemikali ndani ya mitungi ya viwandani, bonde zima la Los Angeles lilifanana na mtungi mmoja mkubwa: milima ndiyo kuta zake, tabaka la hewa ya moto lililotanda juu ndilo kifuniko chake, na mamilioni ya magari ndiyo yaliyoujaza kila asubuhi.

Kuigawa anga katika visanduku

Wazo la msingi la modeli ya hewa si gumu kulieleza, ingawa kulitekeleza ni kazi kubwa. Anga iliyo juu ya mji hugawanywa, katika hesabu, kuwa maelfu ya visanduku vilivyopangwa ubavu kwa ubavu na kimoja juu ya kingine. Kwa kila kisanduku huulizwa maswali manne. Upepo umeingiza nini na kutoa nini? Magari, viwanda, majiko na mimea vimemwaga nini ndani yake? Kemikali zilizomo zimegeukaje kwa nguvu ya jua? Na ni kiasi gani kimeanguka ardhini au kusombwa na mvua? Majibu ya kisanduku kimoja ni mwanzo wa hesabu za kisanduku jirani, na hesabu nzima hurudiwa dakika baada ya dakika hadi siku ikamilike.

Mwaka 1973 Seinfeld na wenzake Steven Reynolds na Philip Roth walichapisha modeli ya namna hiyo kwa ajili ya Los Angeles, miongoni mwa modeli za kwanza duniani kuunganisha upepo, vyanzo vya uchafu na kemia ya jua katika hesabu moja ya mji mzima. Modeli zilizotokana na kazi hiyo zilipelekwa kwenye meza za wanaotunga sheria, kwa sababu ziliwawezesha kuuliza swali ambalo hakuna kipimo cha kawaida kinachoweza kulijibu: tukipunguza uchafu huu badala ya ule, hewa ya mwaka ujao itakuwaje?

Hapo ndipo uzito wa kazi yake ulipodhihirika. Daktari akikosea kipimo cha dawa, mgonjwa mmoja huumia. Modeli ya hewa ikikosea, mji mzima unaweza kutumia miaka na fedha kudhibiti kitu kisichokuwa chanzo kikuu cha tatizo. Hofu hiyo haikuwa ya kinadharia. Mwaka 1991 kamati ya kitaifa ya wanasayansi wa Marekani, iliyoongozwa na Seinfeld, ilitoa ripoti kuhusu ozoni iliyosema waziwazi kwamba juhudi za takriban miaka 20 hazikuwa zimefikia malengo katika sehemu nyingi za nchi. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba hesabu rasmi za mivuke ya kikaboni iliyokuwa ikitoroka hewani zilikuwa chini ya uhalisi, na kwamba katika maeneo mengi udhibiti wa oksidi za nitrojeni ulihitaji kupewa uzito mkubwa zaidi. Ilikuwa ni kama kumwambia mgonjwa aliyetumia dawa miaka mingi kwamba ugonjwa wake haukuwa umepimwa sawasawa.

Chembe zisizotoka kwenye bomba

Miaka ya 1990 ilileta pia habari nyingine kutoka upande wa tiba. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima zaidi ya 8,000 katika miji sita ya Marekani. Katika mji uliokuwa na hewa chafu kuliko yote, kasi ya vifo ilizidi ile ya mji wenye hewa safi kuliko yote kwa takriban asilimia 26, hata baada ya kuzingatia uvutaji wa sigara na mambo mengine. Uchafu uliohusiana zaidi na vifo hivyo ulikuwa chembe laini.

Chembe hizo hutambulishwa kwa ukubwa wake. Zile ziitwazo PM2.5 zina kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, unywele wa binadamu una upana wa maikromita zipatazo 70. Vumbi la barabarani lililo kubwa hunaswa puani na kooni, likatolewa kwa kamasi na kikohozi. Chembe laini hupita vizuizi hivyo na kufika katika vifuko vya hewa vya mapafu, ambako husababisha uvimbe wa ndani. Zile zilizo ndogo kuliko zote zinaweza kuvuka na kuingia katika damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kwenye kikohozi na pumu. Yanahusishwa pia na shambulio la moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Mwaka 2013 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliziweka chembe za hewa chafu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Ikiwa chembe laini ndizo zinazoua, basi lazima ijulikane zinatoka wapi. Sehemu moja hutoka moja kwa moja katika moto: masizi ya dizeli, ya kuni, ya takataka zinazochomwa. Sehemu nyingine huundwa hewani. Gesi ya salfa itokanayo na makaa ya mawe hugeuka kuwa chembe za salfeti. Oksidi za nitrojeni za injini hugeuka kuwa asidi, zikakutana na amonia itokayo katika mifugo na mbolea, zikawa chumvi inayoelea. Na mivuke ya kikaboni, kama ile ya petroli, rangi na mimea, huungua polepole kwa nguvu ya jua hadi iwe mizito kiasi cha kushindwa kubaki gesi. Hapo huganda juu ya chembe zilizopo kama umande unavyotua juu ya jani. Wataalamu huziita chembe za aina hii erosoli ya kikaboni ya upili. Katika chembe zilizo ndogo kuliko maikromita moja, mata ya kikaboni huchukua kati ya asilimia 20 na 90 ya uzito wote, kutegemea mahali.

Hili ndilo eneo ambalo Seinfeld na mwenzake Richard Flagan walilifanya kuwa uwanja wao. Juu ya paa la jengo la chuo walitandaza mifuko mikubwa ya plastiki angavu ya Teflon, wakaijaza hewa safi, wakaingiza mvuke mmoja unaochunguzwa, wakaiacha juani na kuhesabu chembe zilizozaliwa ndani yake. Baadaye kazi hiyo ilihamishiwa ndani, katika vyumba viwili pacha vyenye ujazo wa mita 28 kila kimoja, vilivyowekewa taa za kuiga jua. Mwaka 1996 Jay Odum na wenzake katika maabara hiyo walionyesha jinsi matokeo ya mifuko hiyo yanavyoweza kufupishwa katika mlinganyo mdogo unaotumika ndani ya modeli. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba uwezo wa mvuke wa petroli kuzaa chembe unategemea hasa kiasi cha kemikali za kundi la aromatiki kilichomo katika petroli hiyo. Kwa maneno mengine, kinachowekwa katika tangi la gari kina uhusiano na kinachotua katika mapafu ya mtu aliye kilomita nyingi kutoka hapo.

Kosa la kwanza: mvuke wa miti

Miti na mimea mingi hutoa gesi iitwayo isoprini. Kiasi chake ni kikubwa mno: kinakadiriwa kuwa takriban tani milioni 500 kila mwaka duniani kote. Mwaka 1991 Spyros Pandis, mwanafunzi wa uzamivu kutoka Ugiriki, pamoja na Seinfeld na wenzao, waliijaribu isoprini katika mfuko wa maabara na kuhitimisha kwamba katika hali ya kawaida ya hewa haitarajiwi kuchangia chembe. Hitimisho hilo lilikubalika kwa zaidi ya miaka kumi, na modeli zikajengwa bila ya kuihesabu.

Mwaka 2004 kundi la watafiti lililoongozwa na Magda Claeys wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, lilichunguza chembe zilizokusanywa katika msitu wa Amazon. Ndani yake walikuta kemikali ambazo umbo lake lilionyesha wazi kuwa ni watoto wa isoprini. Msitu ulikuwa umeipinga maabara.

Mtu mwenye jina kubwa angeweza kulitetea hitimisho lake. Maabara ya Pasadena iliyarudia majaribio. Katika mwaka 2005 na 2006 Jesse Kroll, mtafiti kijana aliyekuwa akifanya kazi huko, alichapisha pamoja na Seinfeld matokeo yaliyothibitisha kwamba isoprini huzaa chembe. Sehemu ya gesi inayogeuka kuwa chembe ni asilimia chache tu, lakini asilimia chache ya bahari bado ni maji mengi. Hesabu za dunia nzima zikalazimika kuandikwa upya.

Ingekuwa ni makosa kwa msomaji kuondoka na wazo kwamba miti ndiyo mchafuzi. Utafiti uliofuata wa Jason Surratt, katika maabara hiyo hiyo, ulionyesha kwamba isoprini huzaa chembe nyingi zaidi pale inapokutana na chembe zenye asidi ya salfa, na asidi hiyo hutokana kwa wingi na uchomaji wa makaa ya mawe na mafuta mazito. Miti imekuwapo tangu zamani. Kilichoongezeka ni mkono wa binadamu. Ukipunguza salfa, unapunguza pia chembe ambazo zingedhaniwa kuwa ni za msitu. Ujuzi wa namna hii haupatikani kwa kutazama bomba la moshi, kwa sababu bomba halionekani popote karibu na chembe inayohusika.

Kosa la pili: kuta za maabara

Hata baada ya isoprini kuingizwa, modeli nyingi ziliendelea kukadiria chembe za kikaboni kwa kiwango cha chini kuliko vipimo vya mitaani, hasa katika miji. Wengi walitafuta kasoro katika takwimu za magari au katika kemia yenyewe. Mwaka 2014 Xuan Zhang, akiwa pamoja na Seinfeld na watafiti wengine, alielekeza macho mahali ambapo ilikuwa vigumu zaidi kutazama: kwenye kuta za chumba cha majaribio.

Ilijulikana tangu zamani kwamba chembe hunata ukutani, na watafiti walikuwa wakizirudishia katika hesabu. Lililokuwa halijapewa uzito unaostahili ni kwamba mivuke nayo hunata, kabla haijapata nafasi ya kuwa chembe. Kila mvuke ulionaswa na Teflon ulikuwa chembe iliyopotea katika daftari. Kundi hilo lilionyesha kwamba kwa sababu hiyo majaribio yangeweza kuonyesha chembe pungufu kwa hadi mara nne. Mizani iliyokuwa ikitumika kuwapimia watu wote ilikuwa na jiwe pungufu, na waliolitangaza walikuwa ni wenye mizani wenyewe.

Mhudumu wa afya anaielewa hali hii kuliko watu wengi. Kila kliniki ina mizani ya watoto, na kila muuguzi makini huirudisha kwenye sifuri kabla ya kumpima mtoto wa kwanza. Mizani inayosoma pungufu haitoi kelele. Huandika namba iliyo safi na inayosadikika, na kosa huonekana tu pale mtu anapokuwa na subira ya kuipima mizani yenyewe.

Mapafu ya watoto wa California

Je, kazi hii yote ya hesabu imemfaa nani? Jibu mojawapo liko katika vifua vya watoto wa eneo lile lile lililoianzisha. Kati ya mwaka 1994 na 2011 watafiti wa kusini mwa California walipima nguvu ya mapafu ya makundi matatu ya watoto, tangu umri wa miaka 11 hadi 15, katika miji ya Long Beach, Mira Loma, Riverside, San Dimas na Upland. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 na James Gauderman na wenzake. Katika kipindi cha 1994 hadi 1998, watoto wenye mapafu dhaifu kwa kiwango kinachotambulika kitabibu walikuwa asilimia 7.9 walipofikia umri wa miaka 15. Katika kipindi cha 2007 hadi 2011 walikuwa asilimia 3.6. Katika muda huo chembe laini na oksidi za nitrojeni zilikuwa zimepungua, na watoto wenye pumu na wasio nayo walinufaika vilevile.

Ushindi huo si wa mtu mmoja. Ulitokana na sheria kali za magari, mafuta yaliyosafishwa zaidi, usimamizi wa viwanda na bandari, na wananchi waliodai hewa safi. Mchango wa sayansi ya modeli ni kuzielekeza juhudi hizo mahali panapostahili. Seinfeld pia aliiandikia sayansi hiyo vitabu vyake vya msingi. Kile alichokiandika pamoja na Pandis, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1998, kimekuwa kitabu cha kiada cha kemia na fizikia ya angahewa katika vyuo vingi duniani.

Tuzo moja, moto wa aina mbili

Mwaka 2012 Seinfeld alipewa Tuzo ya Tyler, mojawapo ya tuzo zenye heshima kubwa katika sayansi ya mazingira. Hakuipokea peke yake. Aliyeshirikiana naye alikuwa Kirk R. Smith, mtaalamu wa afya ya jamii wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyefariki dunia mwaka 2020. Smith alikuwa amejitolea maisha yake kupima moshi ulio karibu zaidi na binadamu: moshi wa jikoni. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipopima hewa wanayovuta wanawake wapikao kwa kuni na samadi katika vijiji vya India, alisisitiza kwamba uchafu mkubwa wa hewa hauko barabarani tu bali uko kando ya mafiga.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, tuzo hiyo ya pamoja inaunganisha mambo mawili ambayo mara nyingi hutenganishwa. Chembe ni ile ile, iwe imezaliwa juu ya jiji au imetoka katika figa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya nje na ya majumbani kwa pamoja huhusishwa na vifo vya mapema milioni 6.7 kila mwaka.

Ushahidi wa jikoni upo pia katika ardhi ya Afrika Mashariki. Mwaka 2001 Majid Ezzati na Daniel Kammen walichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Mpala, Laikipia, nchini Kenya, katika kaya zilizopikia kuni na mkaa. Walipima moshi na kufuatilia maradhi ya njia ya hewa. Kadiri moshi ulivyoongezeka ndivyo maradhi yalivyoongezeka, lakini si kwa mstari ulionyooka. Ongezeko lilikuwa kali katika viwango vya chini, kisha likapungua kasi pale moshi ulipozidi maikrogramu 1,000 hadi 2,000 kwa mita moja ya ujazo wa hewa. Ili kuelewa ukubwa wa namba hizo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 kwa chembe za ukubwa huo, ziitwazo PM10, ni maikrogramu 45 kwa wastani wa saa 24.

Umbo la mchoro huo lina somo gumu. Kaya inayoupunguza moshi kutoka kiwango cha kutisha hadi kiwango kikubwa inaweza isione nafuu inayolingana na jitihada zake. Nafuu kubwa iko chini, karibu na hewa safi. Utafiti ulioongozwa na Smith nchini Guatemala, uliochapishwa mwaka 2011, ulielekea huko huko: majiko yenye dohani yaliupunguza moshi waliovuta watoto kwa takriban nusu, nimonia kali ilipungua, lakini upungufu wa nimonia kwa ujumla haukuwa mkubwa kiasi cha kuthibitika kitakwimu. Nusu ya moshi mwingi bado ni moshi mwingi.

Jambo jingine linaloiunganisha kanda hii na kazi ya Seinfeld ni haja ya vipimo. Modeli isiyo na vipimo vya kuisahihisha hubaki kuwa dhana iliyoandikwa kwa namba. Msitu wa Amazon uliisahihisha maabara ya Pasadena kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekwenda kukusanya chembe zake. Nchini Uganda, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukitengeneza vipima-hewa vya gharama nafuu vilivyobuniwa kwa mazingira ya joto na vumbi ya Kiafrika, ili miji isitegemee makadirio yaliyofanywa mbali nayo.

Yanayomhusu mhudumu na mgonjwa

Kwa mhudumu, hatua ya kwanza haihitaji kifaa. Katika kuchukua historia ya mgonjwa mwenye kikohozi cha muda mrefu, pumu, shinikizo la damu au mtoto mwenye nimonia ya mara kwa mara, yaulizwe maswali matatu na majibu yaandikwe katika jalada: nyumbani mnapikia nini? Jiko liko wapi? Mtoto au mgonjwa hukaa wapi wakati wa kupika? Mwanamke mwenye umri mkubwa mwenye dalili za ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa asiondolewe katika fikra ya ugonjwa huo kwa sababu tu hajawahi kuvuta sigara.

Kwa familia, kinachosaidia zaidi ni kuhamia kwenye nishati safi kama gesi au umeme pale inapowezekana, na kuitumia kwa mapishi yote, kwa kuwa figa moja linaloendelea kuwaka linaweza kuirudisha nyumba nyuma. Pale isipowezekana, kuni zikauke vizuri, upishi ufanyike nje au mahali penye upepo, na mtoto asibebwe mgongoni wala kulazwa karibu na moto. Mkaa hauonekani kutoa moshi, lakini hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Jiko la mkaa lisiachwe kamwe likiwaka ndani ya chumba cha kulala. Takataka, hasa plastiki, zisichomwe uani. Barakoa ya kitambaa haizuii vya kutosha chembe laini, hivyo isitegemewe badala ya kujiepusha na moshi.

Mgonjwa wa pumu aendelee na dawa zake za kinga kama alivyoelekezwa, hata siku anazojisikia vizuri, na aepuke mazoezi kando ya barabara wakati wa msongamano. Mtoto afikishwe kituoni bila kuchelewa ikiwa kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au pumzi zake zinafika 50 au zaidi kwa dakika akiwa na umri wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi akiwa na umri wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano. Baada ya mtoto kupata matibabu, mzazi aulizwe kuhusu jiko, kwa kuwa atamrudisha mtoto katika hewa ile ile aliyotoka nayo.